Riwaya ya Watu Wawili

Apiyo alizaliwa Susuni, yeye kwanza, na nusu saa baadaye akazaliwa mwenzake. Kwa Wajaluo pacha wa kwanza akiwa wa kike ni Apiyo na wa pili ni Adongo, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kutafuta majina. Baba yao alikuwa seremala aliyefika huko kupaua shule, akapenda mahali, akabaki. Mabinti walikua wakilala mkeka mmoja na kula sahani moja. Walipofika darasa la tatu wakajifunza kinyume, yale maongezi ya watoto ya kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza. Kuni zikawa niku. Maharage yakawa gemahara. Watoto wengine walikicheza wiki mbili wakachoka, lakini Apiyo na Adongo walikizungumza mtoni, shambani, hata kanisani kwa kunong'ona, mpaka mama yao akawa anawauliza, "Nyie, siku ya mwisho malaika atawahoji kwa lugha gani?"

Adongo alifariki akiwa na miaka kumi na tisa, kwa homa ya siku nne. Pamoja na dada yake, Apiyo alizika na yale maongezi, maana lugha ya watu wawili ikibakiwa na mmoja haina wa kuijibu.

Akaolewa na Ouma, fundi baiskeli, wakakaa miaka sita bila mtoto. Ouma akavuka mpaka wa Sirari kwenda Migori kutafuta vipuri. Aliandika barua mbili. Ya tatu iliandikwa na mtu mwingine, ikisema Ouma ana mji mwingine kule, mke na watoto wawili. Apiyo hakulia mbele za watu. Alikwenda parokiani Tarime kuomba kazi ya kufagia, akapewa. Sista mmoja mzee alimwona anavyosoma kila kipande cha karatasi anachookota, akamwita ndani akamfundisha kupiga chapa, kwanza kwa mashine ya taipu, halafu kwa kompyuta. Akaifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Parokia ilipopata kompyuta mpya, ile ya zamani, yenye kioo kinene kama sanduku la bati, akapewa yeye.

Ndipo rashi, yale mafuriko ya watu wanaokimbilia dhahabu, ilipolipuka Kemambo. Ilisikika kwamba nyuma ya mashamba ya mihogo kuna mwamba umetoa dhahabu, na ndani ya mwezi mmoja mahali palipokuwa na nyumba tisa pakawa na senta nzima ya mabati na maturubai: karasha za kusaga mawe, maduka, baa, makanisa mawili na msikiti. Watu waliiita Nyamerama. Apiyo alifika akiwa na miaka arobaini na mmoja, kompyuta imefungwa ndani ya blanketi, akafungua steshenari. Alichapa mikataba ya maduara, maana ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, alichapa maombi ya leseni na barua za kuitana vikao, alitoa fotokopi, na alichaji simu kwa jenereta.

Wateja wake walikuja asubuhi na jioni. Kuanzia saa sita mpaka saa kumi wanaume walikuwa chini ya ardhi, senta ikabakiwa na kuku na vumbi. Saa hizo Apiyo alicheza karata za kwenye kompyuta, ule mchezo wa mtu mmoja wa kupanga nyekundu juu ya nyeusi. Akichoka alisoma riwaya za wapelelezi na majambazi alizonunua stendi ya Tarime, vitabu vyembamba vilivyokwisha kupoteza majalada. Kila kimoja alikisoma mara tatu. Mara ya kwanza alitaka kumjua muuaji, mara ya pili alimhurumia, na mara ya tatu ni kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kusoma.

Watu walimheshimu. "Shikamoo mama," wanasema, wanachukua karatasi yao, wanaondoka. Iliweza kupita wiki nzima hajaambiwa neno lisilohusu karatasi.

Katika chumba cha jirani alikaa Swaleh, mnunuzi wa dhahabu, mtu wa Tarime mjini, mpole, mwenye mzani mdogo ndani ya sanduku la kioo. Mke wake Yasmini alikuwa wa Mugumu, miaka ishirini na minne, na kwa kuwa mume hakupenda azunguke katikati ya wachimbaji, alishinda ndani. Siku moja, kwenye saa nane, alikuja kutoa fotokopi ya kitambulisho. Apiyo alikuwa amekwama kwenye karata zake.

"Shikamoo."

"Marahaba, karibu."

Yasmini akasimama nyuma ya kiti akizitazama. Kisha akasema, "Ile saba ya shupaza ingekaa juu ya nane ya kopa."

Apiyo akaangalia. Kweli, ilikuwa pale muda wote.

"Kumbe unacheza?"

"Kaka yangu alikuwa na kibanda cha gemu Mugumu. Mimi ndiye niliyekaa mlangoni. Wateja wakipungua nacheza mwenyewe. Mpira, mbio za magari, kupigana. Nimewapiga wanaume wengi sana."

"Kwa ngumi?"

"Kwa vidole, dada."

Akaja kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne, Apiyo alikuwa ameinama anarekebisha karatasi iliyonasa ndani ya printa, aliposikia kanga imepita mlangoni, na bila kuwaza ulimi wake ukatoa kile kinyume ambacho ulikuwa haujakitoa kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Rihaba ya ole?"

"Rinzu," akajibu Yasmini, akivuta kiti.

Apiyo akainuka akaenda nje. Alisema anakwenda kuangalia mafuta ya jenereta. Alikaa kule dakika kadhaa akishika tangi ambalo lilikuwa limejaa, na aliporudi alikuwa amenawa uso.

Tangu hapo wakawa wawili. Yasmini ndiye aliyeleta wazo la kuandika riwaya yao wenyewe, kwa kupokezana, sura yako sura yangu. Shujaa alikuwa Sajini Bhoke, askari mwanamke asiyeogopa jambazi yeyote duniani ila anaogopa bata mzinga. Sheria ya mchezo ilikuwa moja: kila mmoja amalizapo sura yake amwache Sajini Bhoke pabaya, na mwenzake amtoe. Apiyo alichapa moja kwa moja kwenye kompyuta. Yasmini aliandika kwa kalamu kwenye daftari, kwa mwandiko wa kulala, akampa Apiyo achape.

"Nimemwacha ndani ya duara," Yasmini alikuwa akisema akiweka daftari mezani. "Kamba imekatika, maji yanapanda, na tochi imezima. Mtoe."

"Wewe mtoto una roho mbaya."

"Mtoe, dada. Una mpaka Jumatatu."

Na Apiyo alishinda Jumapili nzima, hata mahubiri yakiendelea, Mungu amsamehe, anatafuta namna ya kumtoa mtu ndani ya shimo lenye maji. Kisha naye akamfungia Sajini ndani ya banda moja na bata mzinga saba, akampelekea Yasmini. Yasmini akasoma amesimama, akacheka mpaka Swaleh akagonga bati la upande wa pili.

"Nyie, mnanichanganyia mzani."

Huo ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote aliyoishi tangu akiwa msichana, na Apiyo aliogopa kulisema hilo hata kwenye sala, asije akaonekana anakitegemea sana kitu cha dunia. Lakini alikitegemea. Asubuhi alihesabu saa mpaka saa sita. Siku Yasmini alipougua malaria, kompyuta haikuwashwa.

Watu wa senta nao waliona. Mchana kutwa mke wa mnunuzi na mchapaji wa barua za wenye leseni wanaongea maneno yasiyoeleweka. Rhobi, mama wa Kikurya aliyeuza maandazi na chai mbele ya karasha, aliwahi kuwauliza, "Hivi mnaongea lugha gani?"

"Kijaluo," akasema Apiyo, na papo hapo Yasmini akasema, "Kiarabu."

Rhobi akawatazama mmoja mmoja. "Haya," akasema, akaenda zake, na maandazi yake yaliuzwa siku hiyo pamoja na habari kwamba wale wawili wana jambo.

Mahali pa dhahabu hakuna jambo lingine linalofichwa ila dhahabu. Mtu akinunua kamba mpya, anaulizwa anakwenda wapi. Akikaa kimya, anafuatwa. Na anayeondoka kwenda kwenye rashi mpya haagi, hata awe amelala nyumba moja na wewe mwaka mzima, kwa sababu akiaga atafika wa mia badala ya wa kwanza. Unaamka tu unakuta turubai limekunjwa.

Sura ya kumi na moja ilikuwa zamu ya Yasmini. Aliandika kwamba Sajini Bhoke amekuta barua ndani ya koti la mpimaji wa madini aliyekufa, na barua yenyewe akaiandika yote, neno kwa neno. Alijua zinavyoandikwa, alikuwa anaziona kila siku kwa mumewe. Ilikuwa na nambari ya kumbukumbu, tarehe, na maneno makavu. *Kutoka kisima cha zamani nyuma ya Robanda, fuata korongo kuelekea magharibi hadi kwenye jiwe lililopasuka mara mbili. Hatua mia mbili kusini ya jiwe, mwamba wa rangi ya kutu, kina futi kumi na nne. Sampuli tatu kati ya nne zimeonyesha dhahabu. Taarifa hii isitolewe kwa mtu yeyote.*

"Hilo jiwe umelitoa wapi?" Apiyo alimuuliza.

"Lipo. Bibi yangu alikuwa na shamba kule. Tulikuwa tunateleza juu yake mpaka sketi zinachanika."

Apiyo akachapa, akatoa nakala. Ukurasa wa barua ukatoka na wino umetapakaa pembeni, akautupa kwenye kapu, akatoa mwingine. Karatasi za wateja alizichana siku zote kabla ya kuzitupa, kwa sababu hizo zina siri za watu. Hii ilikuwa hadithi tu, wala haikumpitia kichwani kuichana. Na kila Alhamisi Rhobi alikuja kuchukua kapu zima, kwa ajili ya kufungia maandazi.

Magige alikuwa mchimbaji wa miaka thelathini hivi, Mkurya wa milimani, mtu wa maneno machache. Ijumaa asubuhi alinunua maandazi mawili. La kwanza alilila. La pili lilibaki mkononi mpaka likapoa, huku yeye akisoma karatasi iliyoyafunga.

Jumamosi hakuna aliyekuja kuchaji simu. Apiyo alikaa mlangoni mpaka saa tatu, kisha akamfuata Rhobi, akamkuta anaosha masufuria makubwa yote, hata yale asiyoyatumia.

"Rhobi, watu wako wapi leo?"

Rhobi hakuinua kichwa. "Hata wewe, mama. Tumeishi hapa kama ndugu, na umetunyima."

"Nimewanyima nini?"

Rhobi akafuta mikono, akatoa kifuani fotokopi iliyotolewa huko Tarime juu ya fotokopi nyingine. Doa la mafuta la andazi lilikuwa limetokea nalo, jeusi. Apiyo akasoma mistari miwili, akakaa juu ya ndoo.

"Hii ni hadithi, Rhobi. Ni sura ya riwaya. Tunacheza tu, mimi na Yasmini."

"Ndiyo, mama. Hadithi."

"Naapa mbele za Mungu."

"Usiape, dhambi hiyo." Rhobi akaikunja karatasi akairudisha mahali pake. "Na jiwe nalo ni hadithi? Magige ana shemeji Robanda, amempigia simu jana, shemeji akaenda kuangalia. Jiwe lipo. Limepasuka mara mbili."

Apiyo akazunguka senta nzima. Aliwaambia wa karasha, aliwaambia wa mabucha, alisimama hata mbele ya baa, mahali ambapo hakuwahi kusimama. Kila alikosema ni hadithi, watu walimsikiliza kwa heshima, na alipogeuka alisikia magodoro yanafungwa. Kwao, mwanamke anayekana kwa nguvu namna ile ana kitu anachokijua. Mpaka saa saba pikipiki zilikuwa zinapanda barabara ya Mugumu tatu tatu, na mchimbaji mmoja aliyempita akamwambia, "Ahsante mama, Mungu akubariki," akimkonyeza.

Alirudi akaingia kwa Yasmini kupitia mlango wa nyuma. Yasmini alikuwa anakunja nguo.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umemwambia mumeo kwamba ni wewe uliyeandika?"

Yasmini akakunja shuka, pembe kwa pembe, taratibu. "Sijamwambia."

"Mwambie basi. Wewe atakuamini."

"Amesema tunahama keshokutwa. Anafungua Robanda." Akaiweka shuka juu ya nyingine. "Dada, kutoka Robanda mpaka Mugumu kwa mama yangu ni safari fupi ya pikipiki tu. Miaka minne sijalala nyumbani. Mama alivunjika nyonga, nikaambiwa kwa simu."

Apiyo akatafuta pa kukaa, asipaone.

"Watu watachimba bure, Yasmini."

"Hata hapa wengi wamechimba bure."

"Hapa hawakudanganywa na sisi. Kama humwambii, nitamwambia mimi."

Hapo Yasmini akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Apiyo baadaye.

"Ukimwambia, utakuwa unamwambia kwa ajili ya hao watu, au kwa ajili yako?"

Apiyo alirudi chumbani kwake akapiga magoti kando ya kitanda. Akaomba aonyeshwe lililo kweli, lakini kila alipofumba macho aliona kiti kitupu mbele ya kompyuta, na hakuweza kutenganisha mambo hayo mawili: haki ya watu, na kile kiti. Akaomba mara ya pili, yakachanganyika vilevile. Mwishoni akaona kwamba kweli inabaki kweli hata anayeisema akiwa na faida nayo. Akawasha jenereta akatoa nakala ya riwaya yote, kuanzia sura ya kwanza, kurasa arobaini na mbili, akazipeleka mlango wa pili.

Swaleh alikuwa peke yake, anafunga mzani wake ndani ya kitambaa.

"Karibu, mama Apiyo."

"Ndugu yangu, nakuomba usome hizi kabla hujafunga mzigo."

Akasoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Apiyo alisimama mlangoni akimwangalia uso. Kwenye ukurasa wa sita alitabasamu. Kwenye banda la bata mzinga alicheka kwa sauti akafuta macho.

"Nani ameandika hii ya bata?"

"Mimi."

"Na hii ya kamba kukatika?"

"Mke wako. Sura zote zenye nambari zisizogawanyika kwa mbili ni za mke wako. Na ya kumi na moja ni yake."

Swaleh akaifungua ya kumi na moja. Akaisoma barua ya marehemu mpimaji mpaka mwisho, akairudia. Alipoongea hakuongea habari ya dhahabu.

"Mimi nilidhani anakwenda kwako kupiga soga tu," akasema. "Sikujua anaandika. Miaka minne, na sikujua."

"Sasa umejua. Hakuna dhahabu kule. Waambie watu, wewe watakusikiliza. Na nyie msihame."

Alijisikia anavyolisema lile la mwisho, akaona aibu, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Mama Apiyo," akasema Swaleh kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa. "Nikiwaambia watasema naficha, kama walivyosema kwako. Na tena, mimi sinunui dhahabu kwa ardhi. Nanunua kwa watu. Leo watu wako wapi?"

"Njiani kwenda Robanda."

"Basi." Akazipanga zile kurasa zikakaa sawa. "Wasipopata pale watachimba pengine, jirani na pale. Ndivyo walivyo. Niachie hizi nizisome njiani."

Akamwachia.

Jumatatu saa nne asubuhi gari lilikuja. Vijana walipakia kitanda, kabati na majiko. Yasmini alitoka akakaa mbele, buibui limeshuka mpaka kwenye nyusi. Apiyo alikuwa amesimama mlangoni kwake tangu saa mbili. Alikuwa ameandaa maneno, kwa Kiswahili cha kawaida na kwa kile chao kingine, na alikuwa na chapati sita ndani ya taulo.

Yasmini hakugeuka. Huenda ilikuwa ni ile desturi ya rashi, kwamba anayeondoka haagi. Huenda mumewe alikuwa amemwambia habari ya zile kurasa, na nani aliyezileta, na kwa nini. Apiyo alijaribu majibu yote mawili kichwani kwa siku nyingi, na hakuna lililokaa vizuri. Gari likaondoka. Chapati akampa Rhobi, ambaye naye aliondoka jioni ile ile na masufuria yake yote, bila kuaga.

Ndani ya wiki tatu Nyamerama ikawa nyumba ishirini. Karasha zilihamishwa. Kanisa moja likafungwa, na lile lingine likabaki na katekista, akina mama watano na mzee mmoja kiziwi. Apiyo alichapa barua mbili kwa wiki. Siku nyingine mchana aliifungua ile riwaya kwenye kompyuta. Sura ya kumi na mbili ilikuwa zamu yake. Sajini Bhoke alikuwa amesimama penye jiwe na barua mkononi, nyuma yake mtu ameshika panga. Kumtoa ilikuwa rahisi, angeweza kumtoa kwa namna tano. Alichapa mistari minne, akaisoma, akajiuliza akimtoa hapo atamwacha wapi, na amwachie nani. Akaifuta. Hakurudi kwenye karata. Alifuma vitambaa, akafuta vumbi kwenye vitabu, na siku za jumuiya alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka.

Yapata mwezi wa tatu tangu senta ihame, saa nane ya mchana, ikapigwa hodi mlangoni. Alikuwa Magige, amekonda, koti limechanika bega, simu mkononi.

"Shikamoo, mama. Unachaji bado?"

"Marahaba, mura," akasema Apiyo, akimwita kijana kwa Kikurya. "Nachaji. Kaa."

Akawasha jenereta kwa ajili yake peke yake. Magige akakaa kwenye kiti cha mbele ya kompyuta, kwa kuwa ndicho kilichokuwepo, na Apiyo hakumwambia asikikalie.

"Mlipata?" akamuuliza.

"Tulipata jiwe," akasema Magige. "Tulichimba hatua mia mbili kusini, kisha kaskazini, tukidhani karani alikosea. Tembo wakaja wakala mihogo ya wenyeji, wenyeji wakasema ni sisi tumewavuta kwa magunia yetu ya mahindi. Tukafukuzwa. Wengine wamekwenda mbele, mimi nimerudi."

"Nilisema ni hadithi, Magige. Nilizunguka kila mlango."

"Ulisema." Akajikuna kidevu. "Lakini mama, siku nyingine mkiandika, andikeni vibaya kidogo. Ile ilikuwa nzuri mno. Hata serikali haiandiki vile."

Apiyo alitaka kucheka, kicheko kikaishia njiani. "Mnisamehe."

"Yameisha hayo."

Jenereta likaguruma. Apiyo alipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Na Swaleh?"

"Swaleh yuko Mugumu. Dhahabu ameacha, ana duka la vitambaa, karibu na kwa wakwe zake. Anaendelea vizuri. Nilikaa pale kibarazani siku mbili nikitafuta nauli."

"Mke wake mzima?"

"Mzima. Anacheka sana. Mama yake anatembea na fimbo sasa." Magige akatafakari kidogo, kama mtu anayetaka kulipa chaji kwa habari. "Jioni watu wanajaa pale dukani. Swaleh anawasomea kitabu, sijui cha nani, kuna askari mwanamke anaogopa bata mzinga. Mke anaandika kipande, Swaleh anaandika kipande. Vya mke ndivyo watu wanavyovingoja. Vya Swaleh, wanamvumilia tu."

Apiyo akashika ukingo wa meza. Alingoja kuona kitakachokuja ndani yake, na kilichokuja kwanza, ashukuriwe Mungu, kilikuwa furaha, picha ya Yasmini amekaa kando ya mama yake na daftari gotini. Ndipo kikaja cha pili, kwamba zamu yake imeshikwa na mwingine.

"Sajini wamemfikisha wapi?"

"Yupo Mwanza, nadhani. Ndani ya meli."

"Ile ya jiwe alitokaje?"

"Mimi sikuikuta hiyo, mama. Niliwakuta wameshapita."

"Na huyo dada," Apiyo akasema, akiangalia waya wa chaji na si uso wa mtu, "hukumsikia akitaja watu wa huku? Nyamerama?"

Magige alikuwa mtu mkweli. Akafikiri vizuri kabla ya kujibu. "Sikumsikia, mama. Lakini mimi nilikaa nje."

"Ndiyo. Ulikaa nje."

Magige akainama kuangalia simu yake. Kioo kilikuwa kinawaka kijani.

"Imefika tisini," akasema, akinyoosha mkono kuichomoa. "Inanitosha mpaka Tarime."

"Acha, mura," akasema Apiyo. "Ngoja ifike mia."